Jina la Pili Katika Karatasi ya Kura: Historia ya Kumpata Rais na Makamu wa Rais wa Tanzania



Madhumuni ya mhadhara huu ni kueleza jinsi Tanzania ilivyowapata marais wake na makamu wao tangu mwaka 1962, na kutetea dai moja. Dai lenyewe ni kwamba kwa zaidi ya miaka thelathini Makamu wa Rais hakuwa chaguo la wapiga kura wa nchi nzima, bali alikuwa sehemu ya mapatano, kwanza ya chama na kisha ya Muungano. Na kwamba mwaka 1995, wapiga kura walipopewa nafasi ya kumchagua, walipewa akiwa ameambatanishwa na mtu mwingine, hivyo wakazoea kulisoma jina la kwanza katika karatasi ya kura na kulipita la pili. Mazoea hayo hayalingani na uzito wa cheo chenyewe, kama matukio ya Machi 2021 yalivyodhihirisha.

Hoja ya kwanza: Jamhuri ilianza na Rais wa kuchaguliwa na Makamu wa kuteuliwa.

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 haikuwa na Rais. Mkuu wa nchi alikuwa bado Malkia wa Uingereza, aliyewakilishwa na Gavana Mkuu, na serikali iliongozwa na Waziri Mkuu, Julius Nyerere, ambaye Januari 1962 alijiuzulu ili kukijenga chama cha TANU na kumwachia Rashidi Kawawa uwaziri mkuu. Uamuzi wa kuifanya nchi kuwa jamhuri, yaani dola ambayo mkuu wake hatokani na ukoo wa kifalme, ndio ulioleta uchaguzi wa kwanza wa Rais, uliofanyika Novemba 1962. Wagombea walikuwa wawili: Nyerere wa TANU, na Zuberi Mtemvu wa African National Congress, aliyejitenga na TANU mwaka 1958 baada ya mkutano wa Tabora kukubali utaratibu wa kura tatu, ambao ulimtaka kila mpiga kura achague mjumbe mmoja Mwafrika, mmoja Mzungu na mmoja Mwasia. Nyerere alipata zaidi ya asilimia 98 ya kura, naye Mtemvu akapata kura elfu ishirini na kidogo.

Tofauti hiyo kubwa isiwafanye wasikilizaji waudharau uchaguzi ule. Ulikuwa na wagombea wawili wa vyama viwili, na miaka thelathini na mitatu ilipita kabla jambo hilo halijatokea tena katika uchaguzi wa Rais.

Makamu wa Rais, kwa upande wake, hakupigiwa kura. Jamhuri ilipozaliwa tarehe 9 Desemba 1962, Rais alimteua Kawawa, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuongoza shughuli za serikali bungeni, kazi ambayo siku hizi ni ya Waziri Mkuu. Msingi uliowekwa hapo ulikuwa huu: Rais ni wa wananchi, na Makamu ni wa Rais.

Hoja ya pili: Muungano ulikifanya cheo cha Makamu kuwa dhamana ya Zanzibar.

Mapinduzi ya Zanzibar yalifanyika tarehe 12 Januari 1964, na Aprili 22 ya mwaka huohuo Nyerere na Abeid Amani Karume walitia saini Hati za Muungano, zilizoanza kutumika Aprili 26. Nchi mbili zisizolingana kwa ukubwa wala kwa idadi ya watu zilikuwa zinaungana chini ya Rais mmoja, ambaye katika mapatano yaleyale alitajwa kuwa ni Nyerere. Swali lililobaki ni vipi ile nchi ndogo ingehakikishiwa kwamba haitamezwa. Jibu mojawapo lilikuwa cheo hiki. Karume, kiongozi wa Zanzibar, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Kawawa akawa Makamu wa Pili na kuendelea na kazi zake za bungeni.

Hapa mhadhara unaomba kutua kidogo, kwa sababu jambo hili hutajwa haraka mno katika vitabu vya shule. Baada ya mapinduzi, Zanzibar haikufanya uchaguzi wa kumpata Rais wake hadi mwaka 1980. Maana yake ni kwamba kwa miaka kumi na sita mtu aliyekuwa wa pili katika madaraka ya Jamhuri ya Muungano hakupigiwa kura ya wananchi upande wowote, Bara wala Visiwani. Karume alipouawa tarehe 7 Aprili 1972, Aboud Jumbe alishika uongozi wa Zanzibar kwa uamuzi wa Baraza la Mapinduzi, na kwa kuushika akawa pia Makamu wa Kwanza wa Rais wa Tanzania. Mkulima wa Mbeya au mvuvi wa Mafia alipata Makamu mpya bila kuulizwa neno. Baada ya mwaka 1980, Wazanzibari walianza kumpigia kura Rais wao, na kwa hiyo walikuwa wakimchagua, kwa njia ya pembeni, kiongozi ambaye pia alikuwa Makamu wa Rais wa nchi nzima; wananchi wa Bara waliendelea kumpokea tu.

Haingekuwa haki, hata hivyo, kuuona utaratibu huo kama unyang'anyi wa sauti ya watu. Ulikuwa na mantiki yake, na mantiki hiyo ilikuwa nzito: kama Makamu angechaguliwa kwa wingi wa kura za nchi nzima, Bara ingeichagulia Zanzibar mwakilishi wake kila mara, na dhamana ingekuwa jina tu. Waasisi walikabiliwa na mambo mawili yanayovutana, usawa wa wapiga kura na usawa wa washirika wa Muungano, nao wakauchagua usawa wa washirika. Mvutano huo haujaisha hadi leo.

Katiba ya mwaka 1977, iliyofuata kuungana kwa TANU na Afro-Shirazi Party na kuzaliwa kwa Chama Cha Mapinduzi (CCM) Februari 5 ya mwaka huo, ilibakiza Makamu mmoja, naye alikuwa Jumbe hadi alipojiuzulu Januari 1984 katika kipindi ambacho kwa lugha ya siasa ya wakati ule kiliitwa kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa Zanzibar. Nafasi zake zilichukuliwa na Ali Hassan Mwinyi. Mabadiliko ya katiba ya mwaka huohuo yalirudisha makamu wawili, kwa kanuni iliyohitaji umakini kuielewa: Rais akitoka Bara, Rais wa Zanzibar awe Makamu wa Kwanza, Rais akitoka Zanzibar, Waziri Mkuu awe Makamu wa Kwanza na Rais wa Zanzibar awe wa Pili. Kwa kuwa Mwinyi alikuwa Rais wa Muungano kuanzia Novemba 1985, Joseph Warioba, na baadaye John Malecela na Cleopa Msuya, walikuwa mawaziri wakuu na papo hapo makamu wa kwanza wa Rais, nao Idris Abdul Wakil na baada yake Salmin Amour wakawa makamu wa pili.

Hoja ya tatu: kura ya ndiyo na hapana ilikuwa finyu, lakini haikuwa bubu.

Katiba ya Muda ya mwaka 1965 iliifanya Tanzania kuwa nchi ya chama kimoja kisheria, ingawa Bara iliongozwa na TANU na Visiwani Afro-Shirazi Party. Mgombea urais alikuwa mmoja, aliyependekezwa na mkutano wa pamoja wa vyama hivyo viwili, na mwananchi alitakiwa kusema ndiyo au hapana. Nyerere alipitishwa kwa njia hiyo miaka ya 1965, 1970, 1975 na 1980. Mwinyi akapitishwa mwaka 1985 na 1990. Ushindani ulihamia kwenye ubunge, ambako wagombea wawili wa chama kilekile waligawiwa alama ya jembe na ya nyumba, na ambako mawaziri kadhaa walipoteza viti vyao mwaka 1965 mbele ya macho ya nchi nzima.

Kwa urais, asilimia za ndiyo zilikuwa za tisini na zaidi. Lakini mwaka 1985, katika uchaguzi wa Rais wa Zanzibar ambao uliendeshwa kwa utaratibu uleule wa mgombea mmoja, Idris Abdul Wakil alipata kura za ndiyo kiasi cha asilimia 59 tu. Wazanzibari wengi waliitumia hapana kama njia pekee waliyokuwa nayo ya kueleza kutoridhika. Mwanahistoria anayetaka kujua hali ya Zanzibar katika miaka ya themanini atajifunza zaidi kwa asilimia 59 za Wakil kuliko kwa matokeo mengine yote ya ushindi mkubwa ya zama hizo, kwa maana idadi kubwa ya kura hupimwa pamoja na upana wa chaguo walilopewa watu.

Kipindi hicho pia kiliacha jambo moja la thamani: mabadiliko ya mwaka 1984 yaliweka ukomo wa urais kuwa vipindi viwili vya miaka mitano. Tangu hapo kila Rais aliyemaliza vipindi vyake viwili ameondoka. Katika ukanda ambao ukomo huo umefutwa au kuchezewa mara nyingi, hilo linastahili kutajwa kwa sauti.

Hoja ya nne: vyama vingi ndivyo vilivyomleta mgombea mwenza.

Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikusanya maoni mwaka 1991, ikakuta kwamba wapatao asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, wengi wao wakitaka kirekebishwe, na bado ikapendekeza vyama vingi, ambavyo viliruhusiwa rasmi Julai 1992. Mara moja kanuni ya zamani ya kumpata Makamu ikawa na ufa. Chini ya chama kimoja, Rais wa Muungano na Rais wa Zanzibar walikuwa makada wa chama kimoja kwa lazima. Chini ya vyama vingi, Zanzibar ingeweza kumchagua Rais wa chama cha upinzani, ambaye kwa cheo chake angeingia Ikulu ya Dar es Salaam kama Makamu wa Rais asiyekubaliana naye sera. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni: katika uchaguzi wa Zanzibar wa Oktoba 1995 Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Seif Sharif Hamad wa CUF.

Mabadiliko ya kumi na moja ya Katiba, ya mwaka 1994, yaliitatua kadhia hiyo kwa kumwanzisha mgombea mwenza, yaani mtu anayesimama pamoja na mgombea urais kwa tiketi ya chama kimoja, ambaye huchaguliwa au kushindwa pamoja naye, bila kura ya peke yake. Katiba inataka pia wawili hao watoke pande tofauti za Muungano. Rais wa Zanzibar aliacha kuwa Makamu, akabaki mjumbe wa Baraza la Mawaziri la Muungano. Wazanzibari wengi walilipokea hilo kama kupoteza dhamana iliyowekwa mwaka 1964, kwani Makamu wa mfumo mpya, hata anapokuwa Mzanzibari, huchaguliwa na chama na kupitishwa na wingi wa kura ambao kwa hesabu uko Bara. Lawama yao ina haki ya kusikilizwa, hata na anayeamini, kama mhadhara huu unavyoamini, kwamba hakukuwa na njia iliyo bora zaidi kwa wakati ule.

Mwaka 1995 Benjamin Mkapa na mwenza wake, Omar Ali Juma, walishinda kwa asilimia 61.8, mbele ya Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi, Ibrahim Lipumba wa CUF na John Cheyo wa UDP. Kwa mara ya kwanza mwananchi wa Kigoma na wa Pemba walimpigia kura Makamu mmoja siku moja.

Uzito wa jina la pili ulijitokeza mara mbili kwa namna ambayo wengi wameisahau. Uchaguzi wa Muungano wa mwaka 2005 ulipangwa kufanyika Oktoba 30. Siku chache kabla, Jumbe Rajab Jumbe, mgombea mwenza wa Chadema, alifariki dunia, na kwa mujibu wa sheria uchaguzi wa Rais uliahirishwa nchi nzima hadi Desemba 14, ambapo Jakaya Kikwete alishinda kwa zaidi ya asilimia 80. Zanzibar ilikuwa imekwisha kumchagua Rais wake Oktoba. Kifo cha mtu ambaye wapiga kura wengi hawakulijua jina lake kilisimamisha uchaguzi wa taifa, na hiyo ni kauli ya sheria yenyewe kwamba mwenza ni mgombea kamili.

Mfano wa pili ni wa mwaka 2015. Vyama vinne vya upinzani vilivyoungana chini ya UKAWA vilimsimamisha Edward Lowassa, aliyetoka CCM, kwa tiketi ya Chadema. Kwa kuwa sheria ya wakati ule haikutambua muungano wa vyama na ilitaka mgombea na mwenza wake wawe wa chama kimoja, Juma Duni Haji, Makamu Mwenyekiti wa CUF, alilazimika kukihama chama chake na kujiunga na Chadema ili aweze kusimama. Walipata karibu asilimia 40, kiwango ambacho upinzani haukuwahi kukifikia, wakashindwa na John Magufuli na Samia Suluhu Hassan waliopata asilimia 58.46, na Tanzania ikapata Makamu wa Rais mwanamke kwa mara ya kwanza.

Zanzibar yenyewe ilichukua njia nyingine. Kura ya maoni ya Julai 2010 ilikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ambamo Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar hutoka katika chama kilichoshika nafasi ya pili na Makamu wa Pili hutoka katika chama cha Rais. Hapo Makamu wa Kwanza hupatikana kwa nguvu ya kura za wapinzani wa Rais, jambo ambalo mfumo wa Muungano ulibuniwa kulizuia.

Hoja ya tano: Makamu ni Rais mtarajiwa, na mwaka 2021 ulithibitisha hivyo.

Omar Ali Juma alipofariki Julai 2001, Rais Mkapa alimteua Ali Mohamed Shein, naye akathibitishwa na Bunge. Tukio lile lilipita kimya. Miaka ishirini baadaye hali iligeuka: Rais Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021, miezi michache baada ya kuanza kipindi cha pili, na Machi 19 Samia Suluhu Hassan akaapishwa kuwa Rais wa sita. Ibara ya 37 ya Katiba iliyomwingiza madarakani haikuitisha uchaguzi. Ilisema Makamu atashika urais kwa muda wote uliobaki, kisha atapendekeza Makamu mpya baada ya kushauriana na chama chake, na Bunge litathibitisha. Philip Mpango alithibitishwa Machi 30.

Waheshimiwa wasikilizaji wazingatie kilichotokea. Kwa zaidi ya miaka minne nchi iliongozwa na Rais ambaye wapiga kura walimchagua kama jina la pili, na Makamu ambaye wapiga kura hawakumchagua kabisa kwa cheo hicho. Hakuna kilichovunjwa, makabidhiano yalikuwa ya amani na ya kikatiba, na kwa hilo waandishi wa mabadiliko ya 1994 wanastahili sifa. Hata hivyo, mtu angejaribu kukumbuka ni swali gani wagombea wenza waliulizwa hadharani mwaka 2015 au 2020 kuhusu uchumi, ulinzi au Katiba, angepata taabu. Majina yao hutangazwa siku mgombea urais anapopitishwa, hushangiliwa, na kampeni huanza.

Hoja ya sita: yaliyopendekezwa yapo, yamelala.

Tume ya Mabadiliko ya Katiba, chini ya Warioba yuleyule aliyewahi kuwa Makamu wa Kwanza, ilipendekeza katika rasimu yake kwamba Rais lazima apate zaidi ya nusu ya kura, sharti lililowekwa mwaka 1992 na kuondolewa mwaka 2000, na kwamba matokeo ya urais yaweze kupingwa katika Mahakama ya Juu. Katiba Inayopendekezwa ya mwaka 2014 iliyabakiza hayo mawili, ikaongeza makamu kuwa watatu: mgombea mwenza, Rais wa Zanzibar na Waziri Mkuu. Ilikuwa kana kwamba vipindi vyote vya historia vimeombwa kukaa meza moja. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 iliahirishwa, na haijafanyika. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba ibara ya 41(7), inayozuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa Rais aliyekwisha kutangazwa, inakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu.

Uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 ulifanyika bila marekebisho hayo. Chadema haikushiriki baada ya kuondolewa kwa kutosaini kanuni za maadili, kiongozi wake Tundu Lissu akiwa kizuizini kwa shtaka la uhaini, na mgombea wa ACT-Wazalendo alienguliwa. Samia Suluhu Hassan na mwenza wake, Emmanuel Nchimbi, walitangazwa washindi kwa asilimia 97.66, huku siku hiyo na zilizofuata zikishuhudia maandamano, vifo vya raia, amri ya kutotoka nje na kuzimwa kwa intaneti. Haya si mambo ya kupitishwa kwa sentensi moja na kuachwa; yanatajwa hapa kwa huzuni, na kwa sababu yanairudisha nchi kwenye hoja ya tatu. Asilimia zilizokaribiana na za mwaka 1962 na za zama za ndiyo na hapana zimetokea tena pale ambapo chaguo lilikuwa limefinywa, na safari hii wananchi hawakuwa na hata kisanduku cha hapana.

Mwaka 2030 Rais aliyepo hataweza kugombea tena, kwa kuwa Katiba humruhusu Makamu aliyerithi urais kwa miaka mitatu au zaidi kugombea mara moja tu. Nchi itakuwa inatafuta jina jipya la kwanza, na pengine jipya la pili. Kabla ya hapo yapo mambo manne yanayowezekana kwa sheria ya kawaida, kwa kanuni za vyama au kwa mabadiliko ya ibara chache: mikutano mikuu ya vyama kumpigia mgombea mwenza kura ya siri yake mwenyewe badala ya kumpokea kwa makofi, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi kusimamia mdahalo wa wagombea wenza peke yao, Bara na Visiwani, sharti la zaidi ya nusu ya kura kurudishwa, na mlango wa mahakama kufunguliwa kwa matokeo ya urais. La tano, ambalo ni gumu zaidi, ni kuwauliza Wazanzibari na wananchi wa Bara, kila upande kwa kura yake, kama Makamu wa Rais aendelee kupatikana kwa utaratibu wa 1994 au uandaliwe mwingine, na mjadala wake unaweza kuanza katika ukumbi huu kwa maswali ambayo Mheshimiwa Mwenyekiti atayaruhusu sasa.